Hewa ya Mombasa Ndani ya Starlet

Jumamosi, 11 Januari 2025

Desemba nilishuka na gari langu, Toyota Starlet, kutoka Nakuru hadi Mombasa, watu wanne na mizigo, na kule chini Starlet ilikuwa gari. Ukikanyaga, inaitika. Wakati wa kurudi ilianza kulegea polepole baada ya Mtito Andei, na tulipokuwa tukipanda baada ya Nairobi nilikuwa nyuma ya lori la mchanga, gia ya tatu, mguu umefika sakafuni na hakuna kinachoongezeka. Shemeji, aliyekuwa kiti cha mbele, akatoa hukumu: petroli ya pwani ni safi kuliko yetu.

Si petroli, shemeji. Ni hewa. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na hapa shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 81. Mombasa ni 101. Injini isiyosaidiwa hunywa inachomiminiwa: pale mtu wa Likoni anapovuta pumzi tano, mimi navuta nne. Starlet yangu ni EP82, injini ya 4E-FE, ujazo wa sisi (cc) 1331. Ukiiegesha hapa Nakuru, ni kama umebaki na injini ya sisi 1065 hivi, na bado umeilipia ile nzima.

Basi mradi ni huu, na nauandika kabla sijaharibu kitu: sitaki gari la mashindano. Nataka pumzi yangu ya tano.

Tabo, pampu ya kuisukumia injini hewa, niliifikiria nikaiacha. Tabo huzungushwa na moshi, kwa hiyo inadai manifoldi mpya ya ekzosi, bomba la kuipelekea mafuta, bomba la kuyarudisha, na joto ambalo boneti ya Starlet haikuandaliwa kulihimili. Supachaja ni pampu ya hewa pia, ila huzungushwa na mkanda kutoka kwa krenki, mhimili mkuu wa injini. Inataka mahali pa kukaa na mkanda ulionyooka. (Nilidhani hilo la mkanda ndilo jepesi. Soma tarehe 15 Februari.)

Niliyoipata ni AMR500 ya Aisin, iliyotoka kwenye gari dogo la Kijapani. Ilikuwa imelala chini ya rafu kwa muuzaji wa spea zilizotumika, katikati ya oltaneta, naye akaniuliza: "Bosi, unataka hii kompresa ya AC?" Sikumsahihisha. Tulianzia 45,000, tukamalizia 32,000. Nikiigeuza kwa mkono rota zake mbili zinapishana bila kugusana, bila mkwaruzo. Mafuta ya gia yaliyokuwa ndani yalikuwa meusi kama chai ya turungi iliyosahaulika jikoni. Nimeyabadilisha.

Jumapili, 12 Januari

Kabla ya kuongeza mzigo, ujue mgongo. Nimepima kompresheni, yaani kila silinda inavyobana hewa, kwa pauni: 150, 148, 151, 147. Makanika jirani yangu alitazama geji akatikisa kichwa.

"Kijana wangu, hii imechoka. Injini nzima ni 180."

Nikamwambia, mzee, hiyo 180 iliandikwa na mtu aliyekaa ufukweni. Geji inapima hewa iliyoingia ikabanwa, na huku kwetu inaingia pungufu. 150 ya Nakuru ni kama 185 ya baharini. Hakuridhika, ila alikubali kwamba silinda zote nne zimekaribiana, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Injini nyingi za hapa mjini zimefunguliwa bure kwa sababu ya hesabu hii.

Plagi nimeweka namba 6 badala ya 5 (kwa NGK namba ikipanda plagi huwa baridi zaidi), na mwanya nimeubana hadi milimita 0.8, maana cheche hupata taabu kuruka penye hewa nzito.

Jumamosi, 25 Januari

Leo hakuna spana, ni kalamu tu. Nimekaa kibarazani tangu chai ya saa nne.

Injini ya mipigo minne humeza nusu ya ujazo wake kila krenki inapozunguka mara moja. Yangu basi humeza sisi 665. Supachaja nayo husukuma sisi 500 kwa kila mzunguko wake. Ndiyo maana ya 500 katika jina lake. Ukiizungusha sawa kwa sawa na krenki, umejiwekea kizuizi cha bei ghali kwenye koo la gari. Lazima ikimbie zaidi. Puli ya krenki ina milimita 135. Nikiipa supachaja puli ya 90, itazunguka mara moja na nusu, isukume 750. Toa kinachovuja kati ya rota, ongeza kwamba hewa inayobanwa hupata joto ikavimba, kumbuka pia kwamba injini yenyewe haijazi silinda hadi pomoni. Nilipomaliza nilipata kama robo juu ya hewa ya nje.

Robo ya 81 juu ya 81. Nikabonyeza kikokotoo: 101.

Nilicheka peke yangu. Maana uzuri wa jambo hili hauko kwenye nguvu, uko kwenye kompyuta ya gari. Starlet hii haipimi wingi wa hewa, inapima shinikizo ndani ya manifoldi, bomba linalogawia silinda hewa, kwa kisensa kidogo chenye mpira mwembamba, kisha inatoa petroli kulingana na jedwali lililomo ndani yake. Jedwali hilo lilitengenezwa Japani, kwenye hewa ya usawa wa bahari. Nikiishia 101, sijatoka nje ya jedwali. Sihitaji nozeli kubwa za petroli, sihitaji mtu wa kompyuta wa kuja na laptopu na bei yake. Kompyuta itadhani tumehamia Likoni.

Nisijidanganye: hewa iliyopita kwenye supachaja ni ya moto, kwa hiyo 101 yangu ni nyepesi kidogo kuliko 101 ya Mombasa, na mkanda nao utakula nguvu yake kwanza. Rejeta ya kupoza hewa sitaweka. Kwa shinikizo dogo hivi mabomba yake yangenigharimu kuliko yanavyonifaa.

Wazo lenyewe ni kongwe. Ndugu wawili, akina Roots wa Indiana huko Marekani, walipata hataza ya mashine hii ya rota mbili mnamo 1860, wakati gari la petroli halijazaliwa. Na ndege za vita za baadaye zilifungwa supachaja kwa sababu ile ile niliyo nayo: kule juu hewa ni kidogo. Kwa hiyo nikiulizwa, mimi ni rubani.

Jumamosi, 8 Februari

AC ya gari hili ilikufa zamani na mwenye gari wa kwanza aliing'oa, akaacha nafasi yake na mfereji wa mkanda wake kwenye puli ya krenki. Hapo ndipo supachaja itakaa. Nimekata kielelezo kwa katoni, nikakijaribu, nikakata kingine, hadi cha nne kikaingia bila kugusa chochote. Kisha nikampelekea fundi wa jua kali pamoja na bamba la chuma la milimita 10. Kuchomelea, 3,500. Puli ya 90 nimekerezewa kutoka kwa pande la alumini, 4,500, na mkereza vyuma alikuwa mtu wa kupima mara tatu kabla ya kugusa. Watu wa aina hiyo nawalipa bila kupatana.

Jumamosi, 15 Februari

Nimefunga, nimewasha, na mkanda ukaimba kwa dakika moja kisha ukaanza kutema nyuzi. Dakika ya tatu ulikuwa umechanika kandokando kama mkeka wa zamani.

Nilimlaumu muuzaji wa mkanda, nikailaumu puli. Mwisho nikachukua rula ndefu ya chuma nikailaza kwenye uso wa puli ya krenki hadi ya supachaja: milimita 3 nje. Bamba lilipochomelewa upande mmoja lilipoa likajivuta, likajikunja. Kila fundi anajua chuma hufanya hivyo, mimi mwenyewe najua, na bado sikupima baada ya kulichukua. Nimelirudisha, limenyooshwa, nyuso zake zimesawazishwa kwa mashine baada ya kuchomelewa, si kabla. Sasa tofauti haifiki nusu milimita. Nimeongeza pia puli ya kukazia mkanda, ya kununuliwa kwa kilo.

Jumamosi, 1 Machi

Mabomba. Hapa nilifanya kosa ambalo ningelisoma kwa mwingine ningelicheka.

Niliiacha throto, yaani ule mlango wa hewa unaovutwa na waya wa akseleta, mahali pake kwenye manifoldi, nikaweka supachaja kabla yake, upande hewa inakoingilia. Kazi ndogo, mabomba mawili tu. Gari likawaka vizuri. Mpwa wangu akakanyaga hadi mizunguko 4,000, mluzi ukapanda, nikamwonyesha dole gumba. Akaachia ghafla.

Paa!

Mpira wa bomba uliruka ukagonga ukuta wa jirani, kuku wakatawanyika, na mama wa nyumba ya tatu akatoka akiuliza kama ni gesi. Supachaja ya rota haijui kungoja. Kila mzunguko lazima isukume kilichomo, na ukiifungia mlango mbele yake itautafuta mwingine. Tabo ingepunguza kidogo kidogo. Hii imefungwa kwa krenki na krenki haijasimama.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni valvu ya kuzungushia hewa irudi ilikotoka pale throto inapofungwa. Ya pili ni kuihamisha throto iwe kabla ya supachaja, upande wa chujio la hewa, ili ukiachia mguu supachaja yenyewe ikose cha kusukuma. Nimechagua ya pili.

Jumamosi, 22 Machi

Wiki tatu kuhamisha kitu cha ukubwa wa kikombe. Waya wa akseleta ulikuwa mfupi. Throto ya gari hili hupitiwa na maji ya injini, kwa hiyo mipira miwili ya maji imerefushwa. Mpira wa kisensa cha shinikizo, wa kirekebisha petroli na wa breki vyote lazima vitoke kwenye manifoldi, baada ya supachaja, siyo kwenye throto ilikohamia. Ukikosea wa kisensa, kompyuta itasoma shinikizo dogo wakati silinda zinajazwa, na petroli itakuwa haba pale unapoihitaji zaidi. Hilo lingenitoboa pistoni, na huenda nisingesikia mlio wa kunionya.

Pia mpira unaotoa mvuke kwenye kifuniko cha valvu umepata valvu ya kupitisha upande mmoja. Niligundua haja yake pale kijiti cha kupimia mafuta kilipochomoka chenyewe na kunipaka shati.

Mzunguko wa injini gari likiwa limesimama ulikuwa ukipanda na kushuka bila kutulia. Nilinyunyiza maji kwenye kila ungio nikitafuta panapovuja hewa, hadi sauti ikabadilika: klipu moja chini ya bomba, mahali mkono hauingii. Moshi wa samawati kidogo siku ya kwanza, mafuta ya gia yakinyonywa kwenye sili za supachaja maana sasa inakaa katika utupu gari likiwa limesimama. Umekwisha wenyewe. Nitaendelea kutazama.

Jumamosi, 5 Aprili

Limefanya kazi.

Njia ya majaribio ni kipande cha kupanda baada ya Sobea, asubuhi na mapema kabla malori hayajajipanga, mimi nikiendesha na mpwa akiwa na saa. Gia ya tatu, kutoka 40 hadi 80. Januari tulipima mara tatu tukapata wastani wa sekunde 12.1. Leo ni 9.6. Shinikizo kwenye manifoldi, mguu chini, limefika 100 nikijumlisha hewa ya nje. Hesabu ya kibarazani ilisema 101. Geji ya mchanganyiko, ya kuazimwa, inasoma 12.7 (uzito wa hewa kwa moja ya petroli) pale gari linapobeba, na hakuna mlio wa kugonga.

Lakini tarakimu hazisemi lilivyo. Gari halikurupuki. Hakuna ule msukumo wa ghafla wa tabo. Ni kama mtu ameondoa magunia mawili ya viazi kwenye buti. Kupanda Sachangwan jioni niliingia gia ya nne nyuma ya lori, nikalipita, nikabaki humo humo. Na mluzi! Mwembamba, unapanda na mizunguko, kama mtu anayepiga miluzi akitafuta wimbo.

Mkanda baada ya kilomita 200: safi.

Jumapili, 20 Aprili, Kisumu

Pasaka kwa mama. Naandika hii chini ya mwembe, na tochi.

Ijumaa tulitoka alfajiri. Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, tulipita kama hakuna mlima. Londiani, Kericho, mashamba ya chai yote kijani, dereva anajisifu. Baada ya hapo barabara inateremka kwenda Awasi, na uwanda wa Kano ukatupokea kwa joto lake. Karibu na Ahero nikakanyaga kupita matatu, nikasikia: chiri-chiri-chiri, kama mbegu kwenye kibuyu. Nikaachia mara moja. Nikajaribu tena taratibu. Ikarudi.

Injini inagonga. Petroli inajiwasha yenyewe kabla ya zamu yake.

Nilitazama geji ya shinikizo mara kumi: kama pauni 3, karibu ile ile ya Nakuru. Ndipo nikaelewa, na aibu ikanipanda hadi masikioni. Geji yangu ni ya kawaida, sifuri yake ni hewa ya nje ya mahali ulipo. Na supachaja haiongezi kiasi maalumu, inazidisha. Kisumu iko kwenye mita 1,131 na hewa yake ni kama 88. Ongeza robo: 110. Nimetoka kwenye jedwali la Likoni, nimeingia mahali ambapo kompyuta haikupewa maagizo, cheche ikiwa mapema mno, petroli pungufu, na hewa ya mchana wa Kano ikiwa ya moto kabla hata haijabanwa. Geji haikudanganya. Mimi ndiye niliyeiuliza swali lisilo lake.

Miezi mitatu nahubiri kuhusu mwinuko kwa kila anayesimama kando ya boneti, kisha nikasahau kwamba kwetu ni chini.

Nilimalizia safari kwa mguu mwepesi. Jana nimetoa plagi nne nikazitazama kwa tochi: kaure nyeupe kupita kiasi, lakini hakuna vijichembe vya alumini, kwa hiyo pistoni zimenusurika. Nimeunganisha TE1 na E1, matundu mawili ya uchunguzi, kwa kipande cha waya, nikawasha taa ya taimingi na kuizungusha distributa kutoka digrii 10 hadi 6 ili cheche ichelewe. Ni dawa ya kufikia nyumbani tu. Gari limekuwa zito tena, na moshi ni wa moto zaidi.

Mama alikuja akasimama, mikono kiunoni, injini ikizunguka.

"Umeniletea kinu cha kusagia?"

"Hapana, Mama, ni ya kusaidia gari lipumue."

"Linaumwa?"

Jumamosi, 26 Aprili

Tumerudi salama. Kupanda kutoka Awasi mlio ulikuwa hauko tena, na kuanzia Kericho ningeweza kurudisha taimingi, lakini sikutaka kufungua boneti kwenye ukungu ule.

Njia zilizopo: nozeli na kisensa kutoka 4E-FTE, ile ndugu yake yenye tabo, pamoja na kompyuta yake. Inawezekana, ila FTE ilijengwa kwa uwiano wa kubana hewa wa 8.2 kwa 1 na wangu ni 9.6. Jedwali lake si la pistoni zangu. Au valvu ya springi ya kumwaga ziada; nayo springi husukumana na hewa ya nje, kwa hiyo ingenidanganya kama geji. Au nipunguze mbio za supachaja.

Mkereza vyuma ananikerezea puli ya milimita 96. Kwa hesabu yangu Nakuru itafika 95, Kisumu 103. Ile 90 alitaka kuinunua kwa bei ya alumini. Nimekataa.

Jumamosi, 10 Mei

Puli ya 96 imefungwa, mkanda mpya wa urefu wake, taimingi imerudi 10. Geji ya zamani nimeitoa nikaweka inayosoma kuanzia utupu kamili. Ikikaa kimya asubuhi kabla ya kuwasha inaniambia 81, kama mtu anayekukumbusha unapoishi.

Sobea, gia ya tatu, 40 hadi 80: sekunde 10.3. Shinikizo 95. Nimepoteza zaidi kidogo ya robo ya nilichokuwa nimepata. Makanika jirani ananishauri nirudishe ile ndogo na niwe nabadilisha puli nikifika Kericho, kama wanavyobadilisha farasi. Alikuwa anatania, lakini nimepima: boliti tatu na mkanda, dakika 25.

Mama ana miadi ya macho tarehe 24 na nimeahidi kumpeleka. Puli ya 90 iko kwenye droo, imefungwa kwa kitambaa, nimeiandikia N kwa kalamu ya wino. Mvua inanyesha tangu jana na lile ungio la chini, lisilofikika kwa mkono, limeanza kutoa sauti tena.